Eda Iliyochelewa Kuisha

Dodoma,
Jumatano jioni.

Dada yangu Warda,

Shikamoo dada, na amani ya Mungu iwe juu yako na wote waliomo humo ndani. Natumai barua hii itakukuta umeamka vizuri, lile goti limetulia, na umeshakunywa chai yako, maana ni ndefu na nakujua, ukianza kusoma hunyanyuki. Mimi mzima kabisa. Nakula, nalala, na tangu nifike huku nimeupata ule usingizi niliokuwa nimeusahau. Wifi yako Nuru na watoto wako salama nyumbani Shangani, wanakusalimia sana. Kinachonitesa ni baridi tu ya huku, haina adabu hata kidogo. Nimenunua sweta la mtumba lenye picha ya bata kifuani, ndilo pekee lililonienea. Wakili mzima wa serikali. Cheka tu.

Najua utauliza kwa nini nakuandikia barua kama mzee wa zamani wakati simu zipo. Kwanza, simu yangu imechukuliwa na wapelelezi, imekuwa kielelezo, na hii ya kuazima siiamini kwa maneno marefu. Pili, ni wewe mwenyewe. Kwenye simu hunipi nafasi. Mimi nikisema neno moja wewe unasema kumi, kisha unakata unadai salio limekwisha, na huku aliyepiga ni mimi. Leo nataka kusema mpaka nimalize. Mleta barua ni dereva. Mpe kiti barazani na chai, usimruhusu aondoke hadi ufike mwisho.

Kesi imekwisha, dada. Mudi amefungwa, na akija kutoka atakuwa mzee wa kushikwa mkono. Bi Hawa lazima ameshakusimulia, maana alikuwa benchi la mbele kabisa na nilimwona anakaribia kupiga kigelegele mbele ya jaji. Mimi nilipotoka nje nilikaa kwenye ngazi za mahakama, joho likiwa mabegani, nikalia. Sikulia kwa huzuni. Nililia kama mtu aliyetuliwa gunia la korosho mgongoni baada ya kulibeba kutwa nzima.

Sasa ngoja nikueleze yote tangu mwanzo, kwa sababu wewe uliyapata vipande vipande, na vingine nilikupa vya uongo.

Unamkumbuka Mudi wa maghala. Ni nani Mtwara asiyemjua. Misikiti imepata mikeka kwake, timu za mpira zimepata jezi, hata pilau yake tumekula. Huyo huyo alikuwa anavusha mbao za magendo kutoka ng'ambo ya Ruvuma, anazificha chini ya magunia ya korosho, na malori yake yanapita kwenda bandarini bila mtu kuinua turubai. Dereva wake mmoja alikuwa kijana wa Kilambo anaitwa Bernardo, wa zile familia ambazo babu zao walitoka Msumbiji wakalowea upande wetu wa mto. Siku moja Bernardo akasema basi, hataki tena, na akiulizwa atasema. Mudi akamwita uani kwenye ghala lake, akawaambia vijana wake wamfundishe kazi. Yeye alisimama pembeni na kikombe cha chai mkononi, akawa anaelekeza. Bernardo alifia hospitali siku ya pili yake.

Tulimshtaki kwa kuua bila kukusudia, ndiyo maana akapata dhamana na akawa anatembea mjini kama mimi na wewe. Mashahidi walikuwepo. Mpakizi mmoja aliona, lakini kabla ya kesi kuanza akavuka mto na hatujamsikia mpaka leo. Mlinzi wa geti naye aliona. Siku ya kuja kuandika maelezo akaja na pikipiki mpya na akili iliyofutika, hakumbuki hata kama siku ile alikuwa kazini. Akabaki mmoja tu, mwanamke aliyekuwa akiwapikia wapakizi kwenye kibanda nyuma ya ua ule, akaona kila kitu kupitia kwenye mwanya wa mabati. Jina lake Deolinda. Bernardo alikuwa kaka yake, wa tumbo moja.

Wewe unamjua kwa jina la Lucy.

Najua sasa hivi umeishusha barua mapajani. Inyanyue, nisikilize.

Deolinda tulimweka kwanza kwenye nyumba ya wageni kule mjini, mahali panapojulikana na watu wachache sana wa ofisini kwetu. Wiki haikuisha, wanaume wawili wakafika wakamuulizia kwa jina lake. Bahati alikuwa amekwenda kununua sabuni, akawaona kutoka dukani, hakurudi tena hata kuchukua nguo zake. Hapo nikajua kwamba ndani ya ofisi yetu kuna mtu anatoa maneno nje. Nikamtazama kila mmoja na kila mmoja akaonekana mwema. Dada, hakuna jambo baya kama kunywa chai na watu wanane huku ukijua kuna mmoja anakuuza na hujui ni yupi.

Nilitafuta mahali ambapo wanaume wa Mudi hawawezi kuingia hata kwa fedha. Nikafikiri polisi, nikaogopa. Nikafikiri padri wa kule kwao, nikaona watamtafuta hapo kwanza. Ndipo nikakukumbuka wewe. Shemeji Thabiti, Mungu amrehemu, alikuwa amezikwa si siku nyingi, na wewe umekaa eda. Miezi minne na siku kumi, nyumba ya Mikindani ambayo mwanaume wa kando hawezi kuvuka kizingiti chake, mlango una Bi Hawa na wenzake wanaopokezana kutwa. Hata askari mwenye hati angesita pale. Nikamleta Deolinda, nikakwambia anaitwa Lucy, mdogo wake rafiki yangu, amegombana na mumewe anataka kupumzika, atakusaidia maji na jiko. Nilikuangalia machoni, nikakudanganya ukiwa umevaa nguo zako za kufiwa. Nilijiambia usipojua hutaogopa. Ukweli ni kwamba niliogopa ungekataa.

Baada ya hapo mambo yakawa moto. Kwanza walikuja kwa upole. Mtu mmoja mwenye miwani alinifuata Shangani nikitembea pwani na watoto, akanisifia bahari, akanisifia watoto, halafu akasema kuna kiwanja kizuri kinatazama maji na mwenyewe hana haja nacho. Nikamwambia mimi nikiona bahari tu naumwa kichwa. Baada ya hapo upole ukaisha. Siku moja kijana wa duka alileta kifurushi nyumbani, Nuru akakifungua akakuta bafta nyeupe, nzuri, imekunjwa vizuri. Akafurahi. Akanipimia begani akisema itatoa kanzu ya Idi. Alipoikunjua yote akakuta imekatwa vipande, na ndani kuna pamba. Hapo akaketi chini. Ilikuwa sanda, dada, ya urefu wangu.

Kisha wakaanza kupita kwa ndugu. Nyumba ya mama mdogo kule Naliendele ilivunjwa mchana, hawakuchukua hata sufuria, walifungua vyumba tu. Nikajua wanatafuta mtu, si mali. Mikindani sikukanyaga tena. Uliniletea maneno kwamba nimekususa, kwamba dada umefiwa na mdogo wako haji hata kukujulia hali. Yaliniuma sana, lakini kila nikitoka kulikuwa na pikipiki nyuma yangu, na nisingeweza kuileta mlangoni kwako.

Hesabu zangu zote zilikuwa kwamba Deolinda atatoa ushahidi wewe ukiwa bado kwenye eda. Tarehe ilikuwa imepangwa. Basi siku ile wakili wa Mudi akasimama akasema anaumwa mgongo, akashika kiuno mbele ya jaji kama mama mjamzito, na kesi ikaahirishwa. Nilipoitazama tarehe mpya nikaanza kuhesabu siku kwa vidole. Eda yako ingekwisha Ijumaa, na kesi ilikuwa wiki kadhaa mbele yake.

Unajua vizuri kutoka eda kulivyo. Mawifi wanakuja, mashemeji wanakuja, kisomo kinasomwa, jamvi linatandikwa, mlango unakuwa wazi na kila anayepita anaingia kula. Na wewe ulikuwa umeshatangaza kwa kila mtu kwamba Jumamosi yake utapanda gari la kwanza kwenda Lindi kwa Tatu, ukamshike mjukuu wako wa kwanza, maana binti alikuwa amejifungua wiki ile. Deolinda angebaki kwenye nyumba tupu iliyo wazi. Nilikosa pa kumpeleka. Kukupigia niliogopa, kuja niliogopa. Ijumaa ile niliswali, nikarudi nyumbani, nikamwambia Nuru kwamba nimeshindwa.

Hili sasa ndilo sikupata kumwambia mtu isipokuwa mke wangu. Jumatatu nilikwenda ofisini na barua mfukoni, nimeiandika kwa mkono wangu, ya kuomba kesi ya Mudi iondolewe mahakamani kwa kukosa ushahidi. Nilijiambia afadhali Mudi aachiwe kuliko nisikie mlango wako umevunjwa, au wamemkuta yule dada uani anaosha vyombo. Nilikuwa nimechoka. Niliona aibu pia, na aibu ile niliibeba kama kitu cha kuonekana, nikawa sitaki mtu anitazame.

Mezani nilimkuta Isaya. Huyo ni wakili mwenzangu, tulikaa chumba kimoja. Si wa kwetu, alihamishiwa Mtwara kutoka bara, mtu mcheshi, mwepesi wa kusaidia, na kwenye msiba wa shemeji alibeba maji. Nikamwambia nafikiri kuifuta kesi ya Mudi. Akanipa pole, akasema ni busara, mtu ana familia. Akaniletea na kalamu. Nikaikunjua barua nitie sahihi. Yeye, kwa kutaka tu kunifariji, akasema mambo yamekuwa mengi kwangu kweli, kesi huku, na dada naye huko bado yumo kwenye eda, akasema hii mila yenu ya pwani ni ndefu jamani, haina mwisho.

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Nikaiacha pale pale.

Hebu fikiria, dada. Eda yako ilikwisha Ijumaa. Mimi nilijua, mawifi walijua, Mikindani nzima ilijua, kila mwanamke wa mtaa ule alikuwa anahesabu pamoja nawe. Mtu wa kwetu angesema dada ametoka eda, hongera. Ni nani angeweza kuamini Jumatatu kwamba eda bado? Ni yule tu aliyefika mlangoni kwako baada ya Ijumaa akataka kuingia, akaambiwa na kina mama kwamba haiwezekani, humo ndani mna mwenye eda. Au aliyepelekewa habari na mtu aliyefika. Isaya si mtu wa kujua siku hizo zinahesabiwaje. Alipewa neno akalimeza, na asubuhi ile akalitema mbele yangu bila kujua ni nini.

Yalinijia mambo mawili kwa pamoja, na sijui lipi lilinigonga zaidi. La kwanza, nimempata anayetuuza. La pili, mlango wako umefungwa, watu wamefika na wamerudishwa, na Deolinda bado yuko ndani. Nilimjibu Isaya kwamba ndiyo, eda zetu ni ndefu sana. Nikaikunja ile barua, nikasema naomba nifikirie mpaka kesho. Nikaenda chooni nikaichana vipande vidogo sana, nikasimama pale nikicheka peke yangu mpaka mhudumu akagonga kuuliza kama naumwa tumbo.

Jioni ile ile Tatu alinipigia simu kutoka Lindi. Alikuwa analia. Alisema mama hajaja, ameleta neno tu kwamba hajisikii vizuri, na watu wote wameona mtoto isipokuwa bibi yake. Akaniuliza kama umechukia kwa sababu mtoto amepewa jina la babu yake bila wewe kuulizwa kwanza. Dada, nilikuwa nimeshaanza kuhisi kinachoendelea, lakini simu yangu sikuiamini. Nikamwambia binti mama yake ana mambo yake, asimsumbue. Nikamwacha alie na akulaumu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata ile barua.

Kilichofuata ulikisikia juu juu. Nilikwenda kwa wapelelezi wa rushwa, watu wa kutoka nje ya mkoa, nikawaeleza. Nikarudi ofisini nikamwambia Isaya siri, kwa sauti ya chini, yeye peke yake, kwamba nimebadili mawazo, shahidi tumemficha kwao Kilambo na asubuhi ya kesi ataletwa mjini na gari dogo jeupe. Akaniombea kheri. Asubuhi ile gari jeupe lilitoka Kilambo kweli, likiwa na abiria wanne waliojifunika khanga, wote wanaume na wote askari. Pale kwenye mikorosho wakakuta lori limelala katikati ya barabara na vijana wa Mudi wamesimama na mapanga. Haikuchukua muda. Kiongozi wao alikamatwa simu ingali sikioni, anamweleza mtu kwamba gari limefika. Aliyekuwa upande wa pili wa simu alikuwa Isaya, amesimama kwenye ukumbi wa mahakama, hatua chache kutoka nilipokuwa mimi. Walimshika na simu mkononi. Alinitazama kama anayetaka kuniuliza nimejuaje, na mimi nilitamani kumwambia aende akaulize Mikindani.

Deolinda nilimleta kwa njia nyingine. Nilimtuma askari wa kike, nikamwambia avae buibui, asijipulize kitu chochote chenye harufu, abebe sukari na unga, na afike kwako kama mtu anayeingia kwenye nyumba yenye eda. Yule dada ni wa bara pia, aliniona nina wazimu. Nilikuja kujua baadaye kwamba Bi Hawa alimnusa. Nasema kweli, alimsogelea akamnusa shingoni, akaangalia sukari, ndipo akamwambia pita. Na hata hapo hawakumtoa Deolinda peke yake. Wamama wakakodi Coaster, wakajaa wote, Deolinda katikati yao na buibui la Bi Hawa lililomburuza mpaka chini. Niliposikia kelele nje ya mahakama nilidhani ni fujo, kumbe ni Mikindani imeshuka.

Laiti ungemwona akitoa ushahidi. Jaji alimuuliza kama anahitaji mkalimani, maana Kiswahili chake kina Kimakonde kingi. Akasema hapana, atasema Kiswahili, isipokuwa kaka yake alipokuwa akipigwa alilia kwa Kimakonde, na maneno hayo atayasema kama yalivyokuwa. Akayasema. Sikuyaelewa yote, lakini wapo waliokuwa nyuma walioelewa, na walianza kulia. Mudi alikuwa anatazama viatu vyake. Wakili wa Mudi, mgongo umeshapona, akamuuliza miezi yote hiyo alifichwa wapi na nani alimfundisha maneno. Deolinda akamjibu kwamba alikuwa kwa dada yake, akifundishwa kushona kofia. Ukumbi mzima ukacheka, hata jaji alijifanya anakohoa.

Na sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Baada ya ushahidi nilimrudisha Deolinda kwa mama yake Kilambo, mimi mwenyewe, na askari mbele na nyuma. Njiani nikamshukuru kwa kukaa kimya kwenye nyumba ya mtu asiyejua lolote. Akanitazama, akacheka. Kaka wakili, akaniambia, wewe ndiye hukujua lolote.

Akanisimulia. Alisema eda ikiwa inakaribia mwisho alikuja mwanamke mmoja mgeni, amevaa vizuri, anasema ni ndugu wa marehemu kutoka Newala amekuja kukupa pole. Akatoa zawadi, chupa ya manukato. Manukato, kwa mwenye eda aliyekatazwa hata harufu yake! Mkapokea, mkashukuru, mkampa na maji. Bi Hawa akakaa mbele yake akamzungusha maneno mpaka yule mwanamke akasahau jina la shemeji. Macho yake yote yalikuwa jikoni, kwa Deolinda. Alipotoka, uliifungia ile chupa kabatini, ukamwita Deolinda chumbani, ukamwambia mwanangu, huyu hakuja kwangu, amekuja kwako, sasa niambie wewe ni nani. Naye akakwambia yote. Kwa hiyo ulijua, dada. Ulijua kabla hata sijaandika ile barua ya woga.

Na hukumfukuza. Deolinda alisema mwenyewe alianza kufunga nguo zake, akitaka kuondoka asikuletee balaa, ukamnyang'anya kifurushi ukakikalia. Ijumaa ilipofika ulioga ndani kimya kimya, ukamwambia Mungu eda yako imekwisha na nia umeitoa, kisha ukavaa tena zile nguo. Bi Hawa alipouliza kama hilo halina dhambi, ukamjibu kwamba wewe ni mwanamke umekaa nyumbani kwako, na anayesimama mlangoni akidhani vingine ni juu yake. Mama mkwe wako akakubali, yule mzee, akawaambia mashemeji kisomo kitangoja, na jioni wakawa wanakuja kukaa barazani kama walivyokaa siku za msiba. Hata muuza samaki alijua. Mtaa mzima wa wanawake ambao hawapishani hesabu ya eda hata kwa nusu siku, wakakubali kuonekana wamesahau kuhesabu. Wale wanaume wa Mudi walipofika Jumamosi wakataka kuingia, wakaambiwa mna mwenye eda, wakavua kofia wakaomba radhi. Ndilo neno lililofika kwa Isaya.

Deolinda alisema kulikuwa na siku moja tu uliyolia. Ni siku Tatu alipotuma picha ya mtoto. Uliiangalia kwa muda mrefu, ukairudisha simu, ukaomba sindano ya kofia. Alipokuuliza kwa nini usiende Lindi hata siku moja tu, yeye atajifungia ndani, ulimwambia kwamba mtoto ataendelea kukua, utamkuta, lakini yeye Deolinda ameshapoteza kaka na wewe hutaki kupoteza mdogo wako pia. Maana ulijua kwamba wakimpata yeye watakaofuata ni sisi.

Nilisimamisha gari, dada. Askari wa nyuma walidhani tumevamiwa.

Miezi ile yote nilijiona mimi ndiye nimeibeba kesi ile. Nilikuwa najihurumia, najisifu kimoyomoyo, nikifikiri dada yangu hana habari na mimi ndiye ninayemlinda. Kumbe siku niliyoshindwa mimi ndiyo siku uliyoanza kazi wewe. Hukuniambia kitu. Hata sasa kesi imekwisha, umetuma ujumbe wa maneno mawili tu, hongera mdogo wangu, kana kwamba nimefaulu darasa la saba. Nisamehe kwa kukudanganya. Nisamehe kwa Tatu. Nimeshamwandikia yeye pia, nimemweleza yote bila kuficha, pamoja na yale niliyomjibu kwenye simu. Hatakulaumu tena, na kama ana wa kumlaumu, anaijua anwani yangu.

Mimi nitarudi Mtwara mwisho wa mwezi, wakishamaliza kunihoji kuhusu Isaya. Wanasema nitahamishwa, labda, kwa usalama. Sijakataa, sijakubali. Ila kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze naweza kutembea bila kugeuka nyuma, na naona kila kitu kizuri, hata vumbi la huku. Deolinda amerudi kwa mama yake. Amenipa kitu nikuletee, dereva anacho kwenye mfuko mweusi. Ni ile kofia ndogo ya mjukuu mliyokuwa mnashona wote. Anasema ulimwachia upande wa nyuma, ameumaliza, umepinda kidogo, ushonaji wa Kimakonde, umvumilie.

Nisalimie Bi Hawa, mwambie pua yake inastahili mshahara wa serikali. Nisalimie mama mkwe na mashemeji wote, na kila aliyekosea kuhesabu.

Na huyo dereva niliyekwambia usimruhusu aondoke, hakuja kuleta barua tu. Gari lake lina mafuta ya kwenda Lindi na kurudi, na nimemlipa akungoje mpaka ufunge mizigo yako. Bi Hawa ameniambia bado hujatoka, kwamba ulitaka kwanza usikie Mudi amefungwa. Eda imekwisha, dada. Vaa ile khanga mpya, jipulize ile chupa ya manukato iliyomo kabatini, maana sasa ni halali yako, na utoke. Mtoto Thabiti anakungoja.

Mdogo wako akupendaye,

Hemedi